Jimbo Dhidi ya Rudy na Kodiani Yake

Aliyepiga ukelele wa "Mwizi! Mkamateni!" alikuwa mke wake mwenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo mji wa Zelena, wenye watu mia saba na makanisa mawili, ulilitafuna kama ubani kwa mwaka mmoja na miezi mitatu.

LaVonne Hlavac alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la mitumba la kanisa, zamu yake ya kila Alhamisi, akibandika bei kwenye vikombe, pale mlango uliposukumwa kwa ncha ya mkongojo. Mumewe Rudy aliingia akichechemea, goti lake jipya la chuma likiwa na wiki tatu tu tangu litiwe. Hakusalimu mtu. Alipita rafu ya viatu, akapita sweta, akafika pembeni kwenye taa za mezani na cherehani mbovu, na hapo akaiona: kodiani yake nyekundu, kinanda chake cha kukunja na kukunjua, imekalishwa juu ya kiti cha mtoto na kufungwa karatasi ya bei. Dola themanini na tano.

"Themanini na tano," Rudy alisema. "Hata mia hukuona inafika?"

"Bei anapanga Agnes," LaVonne akajibu bila kuinua macho. "Mimi niliileta tu."

"Ulileta kitu cha nani?"

"Kitu kilichoniamsha saa kumi na moja alfajiri kwa miaka arobaini na moja. Umelazwa siku kumi na mbili, na mimi nimelala siku kumi na mbili. Nikajiambia, kumbe usingizi ndio huu! Watu wanao siku zote, mimi tu ndiye sikuambiwa."

Rudy aliuegemeza mkongojo kwenye cherehani, akapitisha mikanda ya kodiani mabegani, akageuka kuelekea mlangoni. Na asingekuwa Rudy kama angetoka kimya. Aliufungua mvukuto akaanza kupiga polka yake, ngoma ya kurukaruka, ileile ya kila siku, akikosea palepale anapokosea kila siku, karatasi ya bei ikipepea kifuani mwake kama nishani. Wateja wakacheka. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu akapiga makofi.

Vicheko ndivyo vilivyomchoma LaVonne. Uso ukamwaka, akapaza sauti, nusu kwa mzaha na nusu kwa hasira ya miaka arobaini na moja: "Mwizi! Mkamateni huyo!"

Bahati mbaya, nyuma ya rafu ya suruali alikuwepo Dustin Kreps, askari wa sherifu mwenye miezi miwili kazini, akijaribu koti la kuvulia samaki. Na kutoka stoo akajitokeza Agnes Coufal, mwenyekiti wa duka, miwani ikining'inia kifuani. Alinyoosha kidole kwenye tangazo alilolichora mwenyewe kwa kalamu nene, baada ya mtu asiyejulikana kuondoka na mashine tatu za kusagia matunda siku za Krismasi: ANAYECHUKUA BILA KULIPA ATASHTAKIWA, AWE NANI AWE NANI.

"Agnes, nilikuwa natania," LaVonne alisema.

"Umemwita mwizi, hukumwita?"

"Nimemwita, lakini..."

"Amelipa, hajalipa?"

Dustin alitoka nyuma ya suruali, masikio yakiwa mekundu, koti la watu likiwa bado mwilini. "Mzee Rudy, nakuomba. Lipa, au iache hapa tuzungumze."

"Dustin," Rudy alisema, "ulipokuwa darasa la pili ulitapika ndani ya basi langu mara nne. Nilikudai kitu?"

"Hapana, mzee."

"Basi na wewe leo usinidai kitu changu mwenyewe."

Akatoka. Dustin akamfuata hadi kwenye maegesho, akaandika karatasi ya mashtaka juu ya boneti ya gari huku akiomba radhi kila mstari.

* * *

Mambo yangeishia hapo kama Rudy angekuwa mtu wa kukunjika. Mwendesha mashtaka wa kaunti, bwana mmoja mrefu aitwaye Brent Ostergaard, aliyekuwa na mafaili ya maana zaidi mezani, alimpa njia nyepesi: airudishe kodiani, akiri kosa dogo la fujo, alipe dola hamsini, aende zake.

"Siwezi kuungama wizi wa kitu changu," Rudy alisema.

"Sijasema wizi. Nimesema fujo."

"Fujo ipo nyumbani kwangu. Dukani nilipiga muziki."

Akamtafuta wakili. Maribel Quintanilla alikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na alikuwa amepanda basi la shule la Rudy tangu chekechea hadi kidato cha mwisho. Alikataa kulipwa fedha. Alisema atachukua kolachi, ile mikate laini yenye jamu ya plamu katikati, dazeni mbili kila mwisho wa mwezi mpaka kesi iishe. Zelena nzima ilijua ni nani anayeoka kolachi nyumbani kwa akina Hlavac. Basi shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka akawa anaamka kukanda unga wa kumlipa wakili wa utetezi, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Ostergaard.

Siku ya kesi, jaji wa kaunti alimweleza Rudy kwamba sheria ya jimbo inamruhusu kumzuia mkewe asitoe ushahidi dhidi yake. Maribel alikuwa amekwisha kumsihi atumie haki hiyo. Rudy akasimama, akashika mkongojo.

"Mheshimiwa, nimejaribu kumnyamazisha mwanamke huyu kwa miaka arobaini na moja. Aongee. Sina la kuficha."

"Na mimi sina," LaVonne akadakia kutoka benchi, kabla hajaitwa.

Akapanda kizimbani, na kwa kuwa alikuja bado ana joto la jikoni na la ugomvi wa asubuhi hiyo, alisema yote. Alisema vitu vyote vya nyumba ile ni vya wote wawili. Alisema aliitoa kodiani kwa mkono wake na kwa akili zake timamu. Alisema Rudy anapiga kama ndama aliyebanwa na lango. Watu wakacheka tena, safari hii upande wake, naye akafurahi kidogo. Hakumwangalia karani aliyekaa mbele ya meza ya jaji, vidole vikikimbia, akinakili kila neno.

Jaji hakuchelewa. Mali ya nyumba ni ya wote wawili, mke ameitoa, duka limeipokea, mume ameichukua bila kulipa. Ana hatia ya wizi wa dukani. Faini dola mia moja na hamsini. Kodiani ikabidhiwe sherifu kama kielelezo namba moja mpaka rufani, kama ipo, imalizike.

"Ipo," Rudy alisema.

* * *

Gazeti la kaunti lilichapa orodha ya waliohukumiwa, kama kila Jumatano: mlevi barabarani, mlevi barabarani, mbwa asiye na chanjo, kisha *Hlavac, Rudolph, 68, wizi wa dukani.* Siku mbili baadaye ilikuja barua ya shule. Mkataba wa bima haumruhusu mtu mwenye hatia ya wizi kuendesha basi la wanafunzi. Walimshukuru kwa miaka ishirini na sita. Wakamwomba arudishe ufunguo na fulana.

Rudy aliipiga pasi fulana ile mwenyewe kabla ya kuirudisha. LaVonne alimwona akiikunja mara tatu, akiifungua, akiikunja tena.

Mshahara wa basi haukuwa mkubwa, ila ndio uliokuwa ukilipa umeme na dawa za presha. LaVonne alianza kuosha foili aliyofungia nyama ili aitumie tena. Jumapili, kwenye chakula cha pamoja cha kanisa, wanaume walikumbatia mikoba ya wake zao Rudy alipopita na sahani yake, wakacheka, naye akacheka nao akaenda kukaa karibu na mlango wa choo. Kwake LaVonne ilikuwa kinyume, na ilimuuma zaidi. Wanawake walimshika mkono.

"Heri yako wewe," Georgene Novy alimnong'oneza. "Wangu ana tarumbeta. Nisubiri alazwe, eh?"

"Usisubiri," LaVonne alisema, akiweka kijiko chini.

Nyumbani palikuwa kimya. Ule usingizi alioulilia LaVonne miaka yote sasa ulikuwa wake, wote, bila mshindani, naye hakuuweza. Saa kumi na moja kasoro alikodoa macho, akisubiri kelele isiyokuja. Alimsikia Rudy akiamka saa ileile, akienda jikoni, akiketi. Basi. Hakuna kilichofuata. Kama mtu aliyepanda ngazi gizani akadhani imebaki moja zaidi.

Mezani walizungumza kwa neno mojamoja.

"Chumvi."

"Hiyo hapo."

"Barua."

"Umeme."

Mahakama ya wilaya ilipitia kesi mwezi wa Oktoba na kukubaliana na jaji wa kwanza kwa kurasa mbili tu. Maribel alikuja kula kolachi zake na kuwaeleza kilichobaki: Mahakama ya Rufani ya jimbo, majaji watatu, huko Lincoln, makao makuu ya jimbo.

LaVonne akafuta mikono kwenye aproni. "Nitakwenda. Nitawaambia nilikosea. Nitawaambia ilikuwa hasira."

"Hawatakusikiliza, Mama LaVonne," Maribel alisema kwa upole. "Rufani haina mashahidi. Wanasoma uliyokwisha kusema."

"Yote?"

"Neno kwa neno."

"Hata ya ndama?"

Maribel akafunua faili. "Ukurasa wa thelathini na moja."

LaVonne akaketi. Rudy, aliyekuwa dirishani amewapa mgongo, mabega yakamtikisika kidogo. Ilikuwa vigumu kujua kama anakohoa au anacheka.

* * *

Ilikuwa ni kwa hofu, si kwa elimu, kwamba LaVonne alianza kusoma hukumu za mahakama hiyo. Alitaka kujua watu gani hawa watakaosoma maneno yake. Maribel alimwonyesha kwenye kompyuta ndogo mahali zinapotoka kila Jumanne saa tatu asubuhi, za madai na za jinai, wazi kwa yeyote. Jumanne ya kwanza alisoma moja kwa saa mbili na kichwa kikamuuma. Jumanne ya tatu alisoma nne na chai ikapoa.

Hakujua jimbo lina ugomvi kiasi hicho. Kulikuwa na ndugu wawili waliogombea ghala la mahindi lililojengwa nusu shambani kwa huyu na nusu kwa yule. Kulikuwa na kijana aliyesimamishwa barabarani kwa kuwa kibao cha namba kilifunikwa na matope, kisha akakutwa na bangi, naye akasema matope si kosa. Kulikuwa na madada wawili ambao kila mmoja alitaka kuzikwa kaburi la upande wa kulia wa mama yao. Walikuwa wazima wote wawili, na wamefika hadi rufani.

Alizoea kusoma kwa sauti, midomo ikifuata mistari. Jumanne moja ya Desemba, theluji ikiwa imeziba njia ya gari, alikuwa amefika katikati ya kesi ya madada aliposikia sauti kutoka sebuleni.

"Kapewa nani?"

LaVonne akashika mstari kwa kidole. Ilikuwa wiki ya sita tangu asikie swali lisilohusu chumvi.

"Sijafika," alisema.

"Apewe mdogo," Rudy alisema, akija na mkongojo wake hadi mlangoni. "Mkubwa atakuwa amekaa kulia kwa mama maisha yake yote."

"Mkubwa ndiye aliyenunua kiwanja."

"Ahaa. Basi hapo pana kazi. Soma."

Akapewa mkubwa. Rudy akasema majaji hawana dada. Jumanne iliyofuata alikuja mwenyewe na kikombe chake, akavuta kiti. Ikawa mchezo: LaVonne anasoma kisa, anafunika mwisho kwa kitambaa cha vyombo, Rudy anatoa hukumu yake, LaVonne yake, kisha wanafunua. Aliyekosea anaosha vyombo. Rudy alikuwa na huruma na kila mshtakiwa, kwa hiyo aliosha sana vyombo majira yale ya baridi. LaVonne alikuwa mkali kwenye jinai lakini kwenye madai moyo ulimlegea, hasa kwa wajane na kwa yeyote aliyeandika wosia wake juu ya kitu kisicho karatasi.

"Kwenye mfuko wa mbolea, Rudy! Marehemu kaandika wosia kwenye mfuko wa mbolea."

"Una sahihi?"

"Una sahihi na una tarehe."

"Mfuko unatosha. Mimi hata mkono wa koti ningekubali."

Siku hiyo walishinda wote wawili, wakaviacha vyombo vikalala.

Aina moja tu ya kesi hawakuigusa. Kila LaVonne alipoona jina la mume na mke kwenye kichwa cha hukumu, talaka, mbwa wa nani, nyumba ya nani, aliipitisha kwa kidole haraka, na Rudy alikuwa na adabu ya kutouliza.

* * *

Mwezi wa Aprili walikwenda Lincoln kwa gari la Maribel. Rudy alivaa suti aliyozikia baba yake. LaVonne alitaka kukaa benchi la nyuma kabisa, Rudy akataka la mbele ili anyooshe goti, wakaishia la mbele.

Majaji walikuwa watatu kama walivyoahidiwa: mama wa makamo mwenye miwani myekundu, mzee mwembamba aliyekuwa akimung'unya peremende ya kikohozi, na bwana mnene mwenye sauti ya chini. Kila upande ulipewa dakika kumi. Maribel alisema kwa ufupi: mtu hawezi kuiba chake, na mke hawezi kutoa cha mume bila ridhaa yake, kama vile mume asivyoweza kutoa cha mke. Kodiani alirithi Rudy kwa baba yake kabla ya ndoa. Akaketi na dakika tatu mkononi.

Ostergaard aliposimama, jaji mwenye miwani alimwahi. "Bwana Ostergaard, mume wangu akiuza fimbo yangu ya kuvulia samaki nikiwa nimelazwa, nikaikuta dukani nikaichukua, utanishtaki?"

"Inategemea, Mheshimiwa."

"Inategemea nini? Samaki?"

Ostergaard akacheka peke yake, akasema Bi. Hlavac mwenyewe alitamka kizimbani kwamba vitu vyote ni vya wote wawili, na kwamba kwa ushahidi huo duka lilipokea kitu kwa haki.

"Alisema hivyo, kweli," alisema mzee mwembamba, akihamisha peremende kutoka shavu hili kwenda lile. "Lakini hakuishia hapo. Ukurasa wa thelathini na tatu. Wakili anamuuliza: Ulimuuliza mumeo kabla ya kuitoa? Anajibu, naomba nisome." Akainua karatasi. "'Nimuulize ili iweje? Najua angekataa. Ndiyo maana nilisubiri alazwe.'"

LaVonne alihisi damu ikimpanda hadi kwenye mizizi ya nywele. Hakukumbuka kuyasema. Siku ile alikumbuka ndama tu, na vicheko. Sasa maneno yake mwenyewe yalikuwa yamesimama mbele ya watu wazima waliovaa majoho, yakiwa uchi, na hayakuchekesha hata kidogo.

"Sasa, Bwana Ostergaard," mzee akaendelea, "hiyo ndiyo ridhaa?"

Ostergaard alijibu kitu kirefu. LaVonne hakukisikia. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Walipokuwa njiani kurudi, Maribel alisimamisha gari akaingia kununua mikate ya kabichi na nyama, akawaacha wawili kiti cha nyuma. Malori ya ng'ombe yalipita.

"Nilisubiri ulazwe," LaVonne alisema. "Ndivyo nilivyofanya, Rudy. Si hasira. Niliona tarehe ya upasuaji kwenye kalenda nikaanza kuhesabu siku."

"Nimesikia. Kapasoma vizuri yule mzee."

"Nisamehe."

Rudy alilisugua goti lake. "Mbona hukuniambia huipendi?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Mwaka wa themanini na tatu. Wiki ya kwanza ya ndoa."

"Nilidhani unatania. Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa bibi harusi, Rudy. Bibi harusi anacheka kila kitu."

Rudy akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu ya zamani akaona kweli aliikosea mwenyewe. "Baba alisema ng'ombe wanatoa maziwa zaidi wakipigiwa alfajiri."

"Ng'ombe tuliwauza mwaka wa tisini na mbili."

"Najua."

"Sasa ulikuwa unampigia nani?"

"Nilidhani wewe," Rudy alisema.

Maribel alirudi na mikate, akamkuta LaVonne akifuta macho kwa ncha ya tai ya mumewe. Akawasha gari bila kuuliza.

* * *

Hukumu ilitoka Jumanne ya pili ya Juni. LaVonne aliiona saa tatu na dakika mbili, jina lao likiwa juu kabisa: *Jimbo dhidi ya Hlavac*. Rudy akavuta kiti, akaweka kitambaa cha vyombo mezani.

"Tucheze kama kawaida," alisema.

"Rudy, jamani, si leo."

"Leo hasa. Funika mwisho. Soma kisa."

Akasoma. Mrufani alikuwa dereva wa basi la shule. Mrufani alifanyiwa upasuaji wa goti. Ilikuwa ajabu kujisikia umegeuzwa kisa, maisha yako yote yakitosha kurasa tano, bila harufu ya unga wala sauti ya theluji. Walikuwemo Agnes na tangazo lake. Alikuwemo ndama. Alikuwemo yeye, "mke wa mrufani", akisubiri.

"Haya," alisema, kiganja chake kikiwa juu ya kitambaa. "Toa hukumu yako."

"Nimeshindwa," Rudy alisema papo hapo. "Wawili kwa mmoja. Naweka vyombo vya mwezi mzima."

"Mimi nasema umeshinda."

"Wewe kwenye jinai ni mkali siku zote."

"Nimesema umeshinda. Funua."

Rudy akafunua. LaVonne akasoma, kwanza harakaharaka, kisha polepole, kisha mara ya tatu kwa sauti iliyokatika katikati. Mwanandoa hana mamlaka ya kutoa mali ya mwenzake pasipo ridhaa. Ushahidi wa mke mwenyewe unaonyesha ridhaa haikuwepo na alijua haipo. Mtu aliyechukua kilicho chake hakuiba. Hukumu inatenguliwa, hatia inafutwa, kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Wawili kwa mmoja. Jaji mwenye sauti ya chini alipinga, akisema katika ndoa ndefu ni vigumu kujua kitu cha nani ni cha nani.

"Huyo ana mke," Rudy alisema.

"Subiri, kuna maandishi madogo hapa chini." LaVonne akaisogeza kompyuta karibu na uso. "'Shahidi alitoa maoni kuhusu uhodari wa mrufani katika upigaji. Hatuhitaji kuliamua suala hilo, na hatuliamui.'"

Rudy akapiga meza kwa kofi. "Umesikia? Hawakuamua! Miaka arobaini na moja unaniambia sijui kupiga, na Mahakama ya Rufani yenyewe imesita!"

LaVonne alicheka hadi akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Rudy aliinuka, akamshika bega, akabaki hapo kidogo. Kisha akaenda kwenye sinki, akakunja mikono ya shati, akafungua maji. Alikuwa na mwezi mzima mbele yake, na alikuwa akipiga mluzi.

Zelena ilipata habari kabla ya mchana. Wanaume walewale wa kanisani walikuja kumpa mkono, kila mmoja akisema alijua tangu mwanzo. Agnes Coufal hakuja. Ila Alhamisi LaVonne alipofika zamu alikuta tangazo jipya ukutani, kwa kalamu ileile nene: VITU VYA MUME AU MKE HAVIPOKELEWI BILA SAHIHI YA MWENYEWE. Chini yake palikuwa na fomu.

"Nimezichapa mia mbili," Agnes alisema bila kumtazama. "Unafikiri zitatosha?"

"Kwa Georgene peke yake weka kumi," LaVonne akajibu.

Agnes akakaza midomo, lakini haikukazika vizuri. Shule nayo iliandika. Barua haikuomba radhi popote, ilisema tu kwamba nafasi ya dereva iko wazi kuanzia Agosti, maana yule aliyewekwa alikuwa akifunga breki kwa nguvu na wazazi wamechoka kushona midomo ya watoto. Rudy aliisoma barua mara mbili. Siku ilipoletwa fulana, aliivaa akakaa nayo barazani hadi jua likazama.

* * *

Ilibidi siku thelathini zipite, endapo jimbo lingetaka kwenda mahakama ya juu zaidi. Ostergaard hakutaka. Alimwambia Maribel kwamba hata nyumbani kwake mkewe amemuuliza maswali.

Walipoitwa ofisi ya sherifu, Dustin Kreps aliitoa kodiani kutoka kwenye kabati la chuma kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa bosi. Ilikuwa na vumbi, na kibandiko cha KIELELEZO NA. 1 kimegandishwa kwenye funguo nyeupe za kinanda. Akasogeza fomu mbele ya Rudy.

"Weka sahihi hapa, mzee, penye 'mwenye mali'. Na jina kamili."

Rudy akashika kalamu. Akaiangalia karatasi, akamwangalia mkewe, akaandika, kisha akaisogeza fomu upande wake.

"Na wewe weka."

Dustin akajikuna shingo. "Mzee Rudy, mahakama imesema ni yako peke yako. Ndiyo kesi yenyewe hiyo."

"Nimeisoma. Hukumu nzuri. Lete nafasi mama aandike."

"Nafasi ni moja."

"Ataandika chini yake. Anaandika kwa herufi ndogo."

LaVonne aliandika jina lake, kwa herufi ndogo kweli, pembeni, likipanda juu kidogo mwishoni kwa kuwa karatasi ilikuwa imekwisha. Dustin alilitazama, akapiga mhuri juu ya majina yote mawili, akasema ataulizwa lakini atajua la kujibu.

Kodiani ilikuwa na kilo kumi na moja, na goti la Rudy halikuzipenda ngazi. LaVonne ndiye aliyeibeba, mikanda mabegani, tumbo mbele, akishuka hatua moja moja, mvukuto ukipumua na kuguna kila alipokanyaga chini. Watu wawili waliokuwa wakilipa faini za maegesho walimpisha. Aliilaza kiti cha nyuma, akaifunga mkanda, akaketi kwenye usukani.

Rudy alijitia ndani taratibu, akaugeuza uso, akaikagua mara moja, akamkagua dereva.

"Nyumbani ni kushoto," alisema. "Kulia ni dukani kwa Agnes. Nasema tu."

LaVonne akawasha gari. "Leo Jumatatu," alisema. "Wamefunga."